Shangazi na Gari la Nne

"Mimi waume nimepoteza wawili, lakini gari sijawahi kupoteza hata moja!"

Maneno hayo Shangazi aliyasema mbele ya watu mia na ushee, kipaza sauti mkononi, siku ya kumuaga mkuu wa ofisi aliyekuwa anahamishwa. Hakuna aliyemwomba hotuba. Aliombwa aseme asante kwa niaba ya wafanyakazi, kisha akae. Lakini ukimpa kipaza sauti mtu ambaye kazi yake ni kusema hewani kutwa nzima, usitegemee asante ya nusu dakika. Akaeleza kwamba mume wa kwanza alichukuliwa na presha na wa pili alichukuliwa na jirani, na kwamba kati ya hao wawili presha ndiyo iliyokuwa na adabu, maana angalau ilibisha hodi. Watu wakavunjika mbavu. Kisha akanyoosha kidole kwenye magari meupe yaliyopangwa uani.

"Haya hapa, miaka kumi na moja! Asubuhi yanatoka, jioni yanarudi. Nani kama mimi?"

"Hakuna!" wakaitikia madereva, kwa kuwa walimpenda, na kwa kuwa chakula kilikuwa hakijaanza kugawiwa.

Ofisi ile Shangazi aliiingia kwa fagio. Ni ofisi ya shirika linalosaidia raia waliokwama katikati ya vita: kutoa wagonjwa kwenye hospitali zilizozingirwa, kupeleka maji, kutafuta watoto waliopotezana na wazazi. Yeye aliajiriwa kufanya usafi. Miaka miwili alipangusa vumbi kwenye ramani kubwa ya chumba cha redio, kuanzia juu kushoto hadi chini kulia. Siku moja milipuko ikaanza jirani, na mtu wa redio akatoka mbio akisema anakwenda kuiangalia pikipiki yake. Mpaka leo anaiangalia. Redio ikabaki inalia peke yake. Dereva mmoja alikuwa amepotea kwenye moshi, anauliza ashike njia ipi. Shangazi akaegemeza fagio ukutani, akashika maiki.

"Tulia, mwanangu. Kushoto kwako unaona nini?"

"Naona ukuta mrefu. Kiwanda cha matofali."

"Hapo nimepapangusa jana. Nenda mbele moja kwa moja, usikate kona yoyote mpaka uone daraja. Ukiona daraja niambie."

Aliliona. Tangu siku hiyo fagio likapata mtu mwingine, na madereva wote, hata wenye mvi kuliko yeye, wakaanza kumwita Shangazi.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo zamani. Dirisha moja, limezibwa nusu na magunia ya mchanga, vioo vimebandikwa utepe kwa kupishana visije vikaruka. Mezani redio mbili, chini ya meza betri ya lori, kando yake feni isiyozunguka mpaka ipigwe kofi. Ukutani, juu ya ramani, palikuwa na uvumbuzi wa Shangazi mwenyewe: kamba ya katani iliyokazwa kutoka msumari hadi msumari, na juu ya kamba vibanio vya nguo vya mbao, kila kimoja kimeandikwa namba ya gari. Gari likifika mahali, kibanio kinasogea. Shirika lilikuwa limeletewa kompyuta ya kazi hiyo hiyo. Kompyuta ililala kila umeme ulipokatika. Vibanio havijawahi kulala.

Ili majina ya mahali yasisemwe hewani, aliyabatiza kwa vyombo vya jikoni. Hospitali ya mji uliozingirwa ni Sufuria. Njia panda ni Mwiko. Daraja ni Chujio. Hospitali ya huku, kwenye usalama, ni Sahani. Na juu ya kamba aliandika kwa kalamu nene amri iliyokuwa ya kwake na ya shirika pia: KILA MDOMO USEME WENYEWE. Maana yake kila dereva alitaje gari lake kwa kinywa chake. Hakuna kumsemea mwenzako, hata kama mmebanana kama meno.

Na amri hiyo hakuna aliyeivunja kama yeye.

Aliivunja kwa ajili ya Breki. Breki ni mdogo wake, kitinda mimba kwao, miaka thelathini na minne, dereva wa gari la nne. Jina hilo hakulipata kwa kuendesha. Barabarani hana mfano: anapita kwenye shimo na mgonjwa aliyelala nyuma haamki. Ni maneno yake ndiyo yana breki. Ana kigugumizi cha tangu utotoni, na akishikwa na hofu ndiyo kabisa, mdomo unafunguka, shingo inakaza mishipa, sauti haitoki. Mwezi wake wa kwanza kazini alijaribu kusema "Gari la nne, Mwiko" na madereva watatu wakasubiri hewani mpaka mmoja akauliza kama redio imeharibika. Wakacheka. Shangazi alikisikia kicheko kile akiwa chumbani, akauma meno. Kesho yake akamwita dereva wa gari la tatu, mtu mmoja aliyekuwa kinyozi kabla ya vita na ambaye jina la Kinyozi limemganda mpaka leo.

"Wewe unatangulia, yeye anafuata. Ukijisemea, msemee na yeye."

"Na ile amri yako ya ukutani?"

"Amri niliandika mimi. Nimeshindwa kuisoma?"

Miaka sita ikaenda hivyo. "Gari la tatu na la nne, tumepita." Shangazi akasogeza vibanio viwili kwa mpigo, na Breki akaendesha kimya kama mtu aliyesamehewa kodi.

Asubuhi ya siku yenyewe magari manne yalitoka Sufuria saa tatu kamili, kila moja na wagonjwa sita na nesi mmoja. Mji ule ulikuwa umezingirwa wiki ya saba. Wapiganaji wa mjini na wale wa vilimani waliouzingira walikuwa wamekubaliana kunyamazisha bunduki kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana, wala dakika juu yake. Jana yake karatasi ilikuwa imepelekwa kwa wakubwa wa pande zote mbili: namba za magari, majina ya madereva, idadi ya watu, njia, saa. Kilichoandikwa kwenye karatasi hakiguswi. Kisichoandikwa ni shabaha.

Aliyezungumza na pande hizo ni kijana mmoja mrefu, mpole, anaitwa Simu Mbili. Nyeusi ya wa mjini, ya bluu ya wa vilimani, na hajawahi kuzichanganya, ingawa Shangazi humtania kwamba siku akioa atampigia mke kwa ile ya vita. Alikaa pembeni ya meza, goti linamchezacheza, anasubiri neno moja: magari yote yamepita Chujio. Daraja lile halina mlinzi. Wanaoliangalia wako vilimani, na huwaoni. Sharti lao lilikuwa hili: msafara ukishapita wapewe taarifa, na kuanzia hapo chochote kitakachosogelea daraja kutoka upande wa mji si cha msafara.

Saa sita na dakika tano redio ikakohoa.

"Gari la kwanza, Chujio. Tumepita."

Kibanio.

"Gari la pili, Chujio, tumepita, Shangazi. Vumbi huku tunakula bila chumvi."

"Kula, utashiba. Tatu?"

"Gari la tatu na la nne, Chujio. Tumepita."

Vibanio viwili kwa mpigo. Shangazi akaandika kwenye daftari saa na dakika, akageuza shingo.

"Wote wanne."

Simu Mbili akashusha pumzi, akainua simu ya bluu. "Mzee, habari za mchana. Magari yote manne yamepita daraja. Ndiyo, yote. Asante, mzee."

Hapo hapo redio ikaanza kufanya kitu. Mtu alikuwa anabonyeza maiki bila kusema: hewa inafunguka, shhh, kimya, inafungwa. Inafunguka tena. Inafungwa. Dakika nzima.

"Nani amekalia kitufe?" Shangazi akafoka. "Ondoa makalio yako kwenye maiki, hewa si sofa!"

Kukawa kimya kabisa.

Saa sita na dakika ishirini na tano gari la kwanza likasema limefika Sahani. La pili likafika. Kinyozi akaingia.

"Gari la tatu na la..." Akakatika. "Shangazi, subiri kidogo. Nimeshuka. Nyuma yangu sioni mtu."

"Humwoni vipi?"

"Simwoni. Barabara nyeupe."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Vumbi lilikuwa jingi. Ukweli, Shangazi... nilimwona Mwiko. Pale Chujio nilisema tu. Nilisema kama ninavyosemaga."

Shangazi alitazama kibanio cha nne. Kilikuwa kimekaa vizuri kwenye kamba, ng'ambo ya daraja, kimebanana na cha tatu. Alikuwa amekisogeza kwa mkono wake. Akakumbuka ile hewa iliyofunguka na kufungwa, na alichoijibu.

Akashika maiki kwa mikono miwili.

"Gari la nne, Shangazi hapa. Kama unanisikia bonyeza mara moja."

Shhh. Ikafungwa.

"Umevuka Chujio? Kama umevuka bonyeza mara moja. Kama hujavuka, mbili."

Shhh. Shhh.

Feni ikasimama. Hakuna aliyeipiga kofi.

Sasa hapa palikuwa na njia mbili, na mtu asiyeijua kazi ile atadhani ni moja. Njia ya kwanza ni kunyamaza na kuomba Mungu: Breki ajitokeze mwenyewe, avuke upesi, labda hawatamwona. Lakini vilimani walikuwa wameambiwa msafara umekwisha. Gari jeupe likitokea sasa upande ule ni gari la tano lisilokuwa na karatasi, na gari la namna hiyo huwa linabeba baruti. Njia ya pili ni kusema. Na kusema maana yake ni kumpigia mtu mwenye mizinga na kumwambia kwamba taarifa mliyompa nusu saa iliyopita ilikuwa ya uongo, na kwamba sasa mnaomba aamini hii. Zimebaki dakika thelathini.

"Simu Mbili," akasema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Gari la nne halijapita. Lina watu wanane. Mimi ndiye niliyekuambia limepita, na sikulisikia. Sijawahi kulisikia miaka sita. Nilikuwa nasemewa."

Simu Mbili hakufoka. Afadhali angefoka. Akainua simu ya bluu na kuiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Mzee, samahani sana. Kuna marekebisho kwenye taarifa yetu."

"Marekebisho gani?" Sauti ya kamanda wa vilimani ilikuwa ya chini, ya mtu anayekula.

"Gari moja bado liko upande wa mji. Limekwama. Lile la nne, limo kwenye karatasi."

"La nne mmeniambia limepita."

"Tumekosea, mzee."

"Mmekosea." Kijiko kikagonga sahani huko. "Sasa nitajuaje hamkosei tena? Hilo lililokwama linaweza kuwa la yeyote. Wenzako wa mjini wanaweza kuwa wamepaka rangi nyeupe. Nesi anaweza kusema chochote akiwa amewekewa bunduki kichwani. Ninyi mnaweza kusema chochote, mmeshasema. Nataka dereva. Yule aliyeandikwa kwenye karatasi. Aseme yeye, kwenye redio yenu, sisi tunaisikia. Ni gari gani, kuna watu wangapi, amesimama wapi. Ana dakika tano. Akinyamaza, basi nimeelewa."

Simu ikabaki wazi. Simu Mbili akageuka kumtazama Shangazi, na Shangazi akaona kwamba hata yeye anajua. Ofisi nzima inajua. Wanamtaka Breki aseme.

"Breki." Hakumwita kwa namba. "Wanataka kukusikia wewe. Useme gari, watu, na ulipo. Unasikia, mdogo wangu?"

Hewa ikafunguka.

"G... g... g..." Pumzi. "G..." Ikafungwa.

"Tena. Taratibu."

Ikafunguka. Safari hii hata herufi haikutoka, ni ile pumzi tu inayokwama kooni. Nyuma yake ikasikika sauti ya nesi, mbali, anahesabu, moja, mbili, moja, mbili. Alikuwa nyuma ya gari anambonyezea mgonjwa mfuko wa kumpumulisha kwa mikono yote miwili, na asingeuacha hata nyumba ingeanguka.

"Dakika moja imekwenda," simu ya bluu ikasema.

Shangazi alikodoa macho kwenye vibanio. Vinne, vya mbao, vya bei rahisi. Vya aina ile ile.

Mama yao alikuwa akiuza vibanio. Ananunua gunia kwa jumla, anawapanga watoto, na yeye Shangazi, msichana wa miaka ishirini na kitu, anazunguka mitaani na kapu kichwani, Breki mbele yake ana miaka saba, kaptura inamvuka magoti. Shuleni mtoto yule akiulizwa jina kipindi kinakwisha. Lakini mtaani, akiwa na dazani mkononi, alikuwa anafungua kinywa na sauti inatoka kama maji ya bomba. Wenye nyumba walikuwa wanatoka kumwangalia. Mama alisema ni kwa sababu anayeuza haongei na mtu, anaongea na mtaa.

Akabonyeza maiki.

"Breki, sikiliza. Usiongee na mtu yeyote. Hakuna kamanda hapo, hakuna mimi. Kuna mtaa. Vibanio umeshika mkononi. Mama yuko nyumbani anasubiri uuze. Vibaaanio! Vibaaanio!" Aliita pale chumbani, kwa sauti yote, mama mzima wa miaka hamsini, na karani wa chumba cha pili akachungulia mlangoni akidhani amepata wazimu. "Dazani mia! Haya, baba. Uza."

Hewa ikafunguka. Ikakaa wazi. Nesi anahesabu, moja, mbili.

"Gaaari! Gaaari!"

Simu Mbili akasimama wima.

"Gaaari la nne! Gari la nne hilo! Waaatu, watu wanane! Sita wagonjwa, nesi na mimi! Springi imekatika! Imekatika springi! Ukutani, ukutani, ukuta wa matofali! Nyuma ya ukuta, gari jeupe, bendera juu! Watu wanane! Wanane watu!"

Ikafungwa.

Kwenye spika, kijiko hakikugonga tena.

"Huyo anauza nini?" kamanda akauliza.

"Ha... hauzi, mzee. Ndiye dereva."

"Mbona anaimba?"

Shangazi akachukua simu mkononi mwa Simu Mbili, bila kuomba. "Ana kigugumizi, baba. Akisema kawaida hayatoki. Na ni mdogo wangu, tumbo moja. Kosa ni langu mimi, yeye hakukosea neno, maana hakuwahi kupewa nafasi ya kulisema."

Kamanda akasukuma sahani, ikasikika.

"Wewe ndiye yule mama wa redio? Wa sufuria na mwiko?"

"Ndiye mimi."

"Mwaka wa kwanza vijana wangu walidhani mnapika." Hakucheka. "Gari moja liende likawachukue. Moja tu, tupu, niletee namba yake sasa hivi. Liwe limerudi ng'ambo yenu ya daraja kabla ya saa saba. Saa saba ni saa saba, mama. Mimi peke yangu siamui kila kitu huku."

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini na moja. Kinyozi hakusubiri kuulizwa. "Namba yangu mnayo," akasema hewani, na mlango wa gari ukasikika ukipigwa. "Nimeshawashusha wangu. Natoka." Simu Mbili alikuwa tayari anaisoma namba hiyo kwenye simu ya bluu, kisha kwenye nyeusi, tarakimu moja moja, mara mbili mbili, kama mtu anayemlisha mtoto.

Kilomita sita mpaka darajani, moja zaidi mpaka kiwandani. Kwenye barabara ile, dakika nane ukiwa na kichaa.

"Gari la tatu, Chujio, navuka kwenda. Nimo peke yangu." Saa sita na arobaini na nane.

"Gari la tatu, nimefika ukutani. Namwona. Yu mzima. Anatoa machela."

Kisha kimya, kimya cha watu wanaobeba. Shangazi aliweka kiganja juu ya maiki asije akasema. Alizoea kuwasukuma madereva kwa maneno, haraka mwanangu, twende mwanangu. Sasa kila sekunde aliyoijaza kwa sauti yake ilikuwa sekunde ya Breki. Saa sita na hamsini na tatu hakuvumilia.

"Gari la nne. Wangapi wamepanda?"

Shhh. "Wa-wa-wa..." Akasubiri. Simu Mbili akafungua mdomo, Shangazi akamnyooshea kidole, akaufunga. "Wa... wanne! Wanne wamepanda, wawili bado, wawili bado!"

"Nimekupata. Wanne."

Hamsini na tano. Hamsini na sita. Mgonjwa wa mfuko alikuwa wa mwisho, maana nesi na mfuko na machela vilipaswa kwenda pamoja kama kitu kimoja, na mlango wa gari la Kinyozi ulikuwa mwembamba. Mtu akapiga kelele, "Inua! Inua upande wako!" Hamsini na saba mlango ukapigwa.

Hamsini na tisa redio ikafunguka, injini inalia juu kabisa.

"Gari la tatu na la..."

"Kinyozi!" Shangazi akamkata kama kwa wembe wake mwenyewe. "Jisemee!"

"Gari la tatu. Chujio. Nimepita."

"Nne?"

Hewa wazi. "G-g-g... g..."

Sekunde kumi. Simu ya bluu iko wazi mezani, inasikiliza. Kumi na tano. Maneno yalikuwa yamemjaa Shangazi mdomoni, yote, kwa mpangilio, angeweza kuyasema kwa pumzi moja na kumaliza jambo. Akauma kidole chake. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kibanio cha nne, umekikaza.

"G... Hakuna gari," Breki akasema. Hakuuza. Alisema tu, kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja. "W-watu wa-wanane. Ch-ch... Chujio. Tu-tumepita."

"Nimekupata, gari la nne. Watu wanane. Mmepita Chujio."

Simu Mbili akairudia kwenye simu ya bluu, neno kwa neno, bila kuongeza.

Saa saba kamili vioo vya dirisha vilitikisika kwenye utepe wao. Mara moja, halafu mara ya pili. Kinyozi, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameliacha daraja nyuma, alisema baadaye kwamba aliona kwenye kioo moshi mweusi ukipanda nyuma ya ukuta wa matofali, mahali pale pale, wima, na kwamba Breki hakugeuka kuuangalia. Alikuwa amekaa sakafuni nyuma, amemshikilia nesi kiunoni asiyumbe, ili mikono ya nesi ibaki kwenye mfuko.

Kibanio kilikuwa kimevunjika mkononi mwa Shangazi. Nusu mbili na ule waya wake wa katikati. Akaviweka mezani, akafungua daftari, akapata mstari wa saa sita na dakika tano ambapo alikuwa ameandika "3 na 4, wamepita". Hakuufuta. Akaupiga mstari mmoja ili usomeke chini yake, na pembeni akaandika: "Si kweli. La 4 sikulisikia. Kosa langu." Akatia sahihi na saa.

Barua ya onyo ilikuja wiki iliyofuata, kurasa mbili, kwa lugha ambayo hata aliyeiandika hakuielewa. Aliisaini. Mkuu mpya akamuuliza kama ana la kusema. Akasema anaomba muda wa mazungumzo redioni uongezwe dakika mbili kwa kila kituo, kwa ajili ya gari la nne. Mkuu akasema gari la nne si limeungua? Shangazi akasema litaletwa jingine, na dereva ni yule yule.

Ya kutopoteza gari hajayasema tena mbele za watu. Madereva ndio wanaoyasema, akipita uani, kwa sauti ya kutosha: "Nani kama wewe, Shangazi?" Naye huwajibu kwamba keshapoteza waume wawili na gari moja, na wakiendelea hivyo atapoteza na madereva watatu.

Jumatatu moja asubuhi, kabla ya magari kutoka, Breki aliingia chumba cha redio na kifurushi cha karatasi. Kigugumizi hakikuwa kimepona, wala hakuna aliyetarajia. Akakifungua mezani: vibanio vipya vya mbao, vimefungwa kwa uzi. Shangazi akachomoa kimoja, akaandika nne, akakibana kwenye kamba, mwanzoni kabisa, palipoandikwa Sufuria.

"Umenunua kwa yule mama wa sokoni?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Siku hizi anauza bei gani?"

Breki akafungua mdomo. Shingo ikakaza. Nje dereva wa gari la kwanza alikuwa anapiga honi, na mezani redio ilikuwa inaita. Shangazi akakaa mkao wa kusubiri, miwani puani, mikono mapajani, akasubiri.

"D-dazani moja," Breki akasema, "m-mia tisa."